Hodi kwa Bandera

Kreittmayrstraße ni mtaa mtulivu, usio na jambo la kumsimamisha mgeni. Magorofa ya rangi hafifu, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma, madirisha yenye mapazia meupe. Nilikwenda kwa miguu kutoka kituo kikuu cha reli cha Munich nikaitafuta nyumba namba 7. Mchana wa tarehe 15 Oktoba 1959 aliingia humo mpangaji ambaye majirani walimjua kwa jina la Stefan Popel, baba wa watoto watatu, mfupi, kichwa kimeanza upara, mkononi ameshika mfuko wa nyanya. Ndani alikutana na kijana anayeshuka ngazi, gazeti lililokunjwa mkononi. Dakika chache baadaye majirani walimkuta Popel amelala sakafuni, damu inamtoka. Alifia njiani kuelekea hospitali.

Watu walidhani ameanguka, au moyo umesimama. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha sianidi. Hata hivyo hakuna aliyejua imeingiaje mwilini, hadi yule kijana mwenyewe alipojitokeza. Aliitwa Bohdan Stashynsky, Muukraine aliyefanya kazi ya KGB, na ndani ya lile gazeti kulikuwa na bomba dogo la kurushia mvuke wa sumu usoni. Miaka miwili kabla, Oktoba 1957, alitumia bomba la aina hiyohiyo katika mji huohuo kumuua Lev Rebet, mwandishi na kiongozi mwingine wa wazalendo wa Kiukraine, na kile kifo kikaandikwa kuwa ni cha ugonjwa wa moyo. Tarehe 12 Agosti 1961, siku moja kabla ya ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, Stashynsky alivuka kwenda Berlin Magharibi pamoja na mkewe Mjerumani, akajisalimisha. Mahakama ya Karlsruhe ilimpa kifungo cha miaka 8 tu, kwa hoja kwamba wauaji wenyewe walikuwa wakubwa wake wa Moscow.

Popel lilikuwa jina la kujifichia. Aliyekufa alikuwa Stepan Bandera, kiongozi wa wazalendo wa Kiukraine.

Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya jambo la kazini. Nilikuwa na wenzangu wawili katika ofisi moja ya Munich, mmoja wa kutoka Lviv, mwingine wa kutoka Lublin, Polandi. Walikula pamoja, walichangiana nauli, walitetana kama ndugu. Jina moja tu halikutajwa mezani. Siku moja mtu wa tatu, Mjerumani asiyejua anakanyaga wapi, aliliuliza wakati wa chakula, na wale wawili wakanyanyuka kila mtu na sahani yake. Mimi nikabaki na yule Mjerumani tunatazamana. Kwa kweli nilikuwa sijui zaidi yake.

Nikaanzia makaburini. Waldfriedhof, makaburi ya msituni ya Munich, ni makubwa kiasi kwamba bila ramani unaweza kuzunguka asubuhi nzima. Lakini kaburi la Bandera hujitangaza kutoka mbali: msalaba mweupe, na kuuzunguka bendera za buluu na njano za Ukraine, nyingine za nyekundu na nyeusi za wafuasi wake, riboni, mishumaa ndani ya vikombe vyekundu, maua mabichi juu ya makavu. Mwaka 2014 watu wasiojulikana waliuangusha msalaba huo. Kwa upande wa pili, mwaka 2015 balozi wa Ukraine nchini Ujerumani, Andrij Melnyk, aliweka maua hapo na kujivunia hadharani. Mwaka 2022 alihojiwa akamtetea Bandera kwamba hakuwa muuaji wa halaiki. Polandi na Israel zilichukizwa, serikali yake ikajitenga na kauli hiyo, na mwezi Julai ilipotangazwa kwamba anaondolewa Berlin, hakuna aliyeshangaa sana. Cha ajabu ni kwamba hasimu mkubwa wa Bandera ndani ya chama chake naye aliitwa Andriy Melnyk. Historia ya Ukraine ina majina machache na mizozo mingi.

Pale kaburini nilijiuliza swali dogo ambalo ndilo lililonifanya nikate tiketi ya treni. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1909. Alikamatwa na Wapolandi mwaka 1934, akiwa na miaka 25. Kuanzia hapo ni gereza la Polandi, kisha Kraków, kisha kambi ya Wanazi, kisha uhamishoni Ujerumani hadi sumu ya 1959. Baada ya majira ya kupukutika majani ya 1939 hakuishi tena katika ardhi ya Ukraine. Vita ambavyo wapiganaji waliitwa kwa jina lake, mauaji yaliyofanywa na watu walioitwa kwa jina lake, msitu mzima wa watu waliokufa wakiitwa kwa jina lake: yeye mwenyewe hakuwapo. Basi kama mtu hayupo, ni nani anayepewa maua na nani anayelaaniwa?

*

Anga ya Ukraine imefungwa tangu Februari 2022, kwa hiyo safari ni ya reli. Kutoka Munich unapitia Vienna, unavuka Jamhuri ya Czech na kusini mwa Polandi usiku, hadi Przemyśl, mji mdogo mpakani wenye stesheni nzuri ya enzi za Austria, iliyonakshiwa kama ukumbi wa harusi. Hapo reli hubadilika. Upana wa reli za Ulaya ya magharibi ni milimita 1,435. Za Ukraine, kama za Urusi, ni 1,520. Unashuka, unapanga foleni ya pasipoti, unapanda treni nyingine. Katika stesheni hii ndimo walimopokelewa mamia ya maelfu ya wakimbizi mwanzoni mwa vita, wakiwemo wanafunzi wa Kiafrika waliosimulia jinsi walivyosukumwa nyuma ya foleni upande wa pili wa mpaka. Niliyakumbuka hayo nilipotoa pasipoti yangu ya Tanzania. Askari wa uhamiaji aliitazama, akanitazama, akauliza ninakwenda kufanya nini. Nikasema ninaandika makala. Kuhusu nini? Nikasema historia. Akagonga muhuri huku akicheka peke yake.

Nilipokuwa nasubiri treni ya pili niliwakumbuka Wapolandi wa Tengeru. Mimi nimekulia Usa River, na kwetu kila mtoto alijua kwamba ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kilomita chache kuelekea Arusha, kuna makaburi ya wazungu wasio Waingereza wala Wajerumani. Ni makaburi takribani 150, ya Wakatoliki, Waorthodoksi na watu wa dini ya Kiyahudi, majina yao yamejaa z na w. Tuliambiwa ni wakimbizi wa vita, basi. Ni ukubwani nilipojua kwamba walitoka hasa katika majimbo haya ya mpakani: Lwów, yaani Lviv ya leo, Volhynia, Ternopil. Mwaka 1940, baada ya Stalin na Hitler kuigawana Polandi, Wasovieti waliwapakia kwenye mabehewa ya mifugo wakawatupa Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipomvamia Stalin mwaka 1941, Moscow ikakubali kuwaachia. Wakatoka kupitia Iran, na kuanzia 1942 maelfu yao, wengi wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki: Tengeru, Masindi na Koja kule Uganda, na kambi nyingine. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ya watu kama 5,000, na shule zao, kanisa lao na mashamba yao.

Sasa tazama kalenda. Mwaka 1943 familia hizi ziko Tengeru, zinalalamikia malaria. Mwaka huohuo, katika vijiji walivyong'olewa kule Volhynia, Jeshi la Waasi la Ukraine, yaani UPA, jeshi lililoanzishwa na tawi la chama lililoitwa kwa jina la Bandera, lilikuwa likiwaua majirani wa Kipolandi waliobaki. Kilele chake kilikuwa Jumapili ya tarehe 11 Julai 1943, vijiji vingi kwa siku moja, watu wengine wakiwa kanisani. Idadi ya waliouawa Volhynia na Galicia ya Mashariki hutajwa kati ya makumi kadhaa ya maelfu hadi 100,000. Wapolandi nao walilipiza, na maelfu ya Waukraine wakauawa. Wale wa Tengeru, waliodhani Stalin amewafanyia ukatili usio na mfano, na kweli aliwafanyia, huenda wangekuwa ndani ya makanisa yale. Sijui kama kuna aliyewahi kuifikiria hesabu hiyo akiwa chini ya mlima Meru. Mimi niliifikiria Przemyśl, nikanunua chai ya pili.

*

Lviv inapendeza. Nilitarajia mji wa vita, nikapata mji wa kahawa. Majengo ya enzi za Habsburg, tramu za njano na buluu, wanawake waliovaa vizuri kuliko Munich. Vita viko kwenye mambo madogo: masanamu ya chemchemi za uwanja wa Rynok yamefungwa kwa kitambaa na vyuma yasiharibiwe na makombora, jenereta nje ya maduka, amri ya kutotoka usiku, na ving'ora ambavyo wenyeji huvisikiliza kwa kutazama simu kwanza ili wajue kinachoruka ni nini na kinakuja upande gani. Saa tatu kamili asubuhi, kila siku, hunyamaza kwa dakika moja kuwakumbuka waliokufa. Magari husimama.

Ukitoka stesheni kuelekea katikati ya mji, unakutana na kanisa kubwa lenye minara iliyochongoka. Lilijengwa na Wakatoliki wa Kipolandi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kumbukumbu ya Malkia Elisabeth wa Austria, yule Sisi wa kwenye filamu. Leo ni la Wakatoliki wa ibada ya Kigiriki, na mbele yake, tangu Oktoba 2007, amesimama Bandera wa shaba, mrefu kuliko alivyowahi kuwa, koti limepeperuka, mkono mmoja kifuani. Nyuma yake kuna nguzo nne ndefu zilizounganishwa juu. Nilikaa kwenye ngazi nikala mkate. Vijana walipita bila kumtazama. Mzee mmoja alivua kofia, lakini sikuweza kujua kama ni kwa ajili ya sanamu au ya kanisa.

Mtu anayeijua Lviv ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hawezi kuishangaa sanamu hiyo bila kushangaa zaidi kitu kingine. Katika sensa ya Polandi ya 1931 nusu ya wakazi walikuwa Wapolandi, karibu theluthi moja Wayahudi, na Waukraine hawakufika hata mmoja kati ya watano. Mji unaohesabiwa leo kuwa roho ya Ukraine ulikuwa mji ambao Waukraine walikuja kufanya kazi za ndani, kuuza maziwa, na kusoma, kama watoto wao walibahatika. Bandera alikuwa mmoja wa waliobahatika. Alikuja mwaka 1928 kusomea kilimo katika chuo cha ufundi cha Lviv. Mashambani kwao serikali ya Warsaw ilifunga shule za Kiukraine, iliwapa ardhi askari wastaafu wa Kipolandi, na mwaka 1930 ilituma polisi na askari wa farasi kuwacharaza wanavijiji. Ng'ambo ya mpaka Stalin aliwaua Waukraine kwa njaa kwa mamilioni mwaka 1932 na 1933. Hakuna aliyewatetea. Kijana wa aina hiyo, mtoto wa padre, angeweza kuingia vyama vya ushirika na bunge, na Waukraine wengi waliingia huko, wakajenga benki na viwanda vya maziwa. Yeye aliingia Shirika la Wazalendo wa Ukraine, OUN, lililoanzishwa Vienna mwaka 1929 na kuamini bastola, siri, na taifa la damu moja.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema alikuwa mpigania uhuru kama wengine. Waliopigwa risasi na shirika lake hawakuwa Wapolandi peke yao. Mwaka 1934 waliuawa wawili ndani ya wiki chache: Bronisław Pieracki, waziri wa mambo ya ndani wa Polandi, na Ivan Babij, mwalimu mkuu wa shule, Muukraine mwenye nia njema aliyekataa wanafunzi wake kuingizwa kwenye siri za OUN. Bandera ndiye aliyekuwa mkuu wa shirika ndani ya nchi. Kesi ya Warsaw ilimfanya maarufu: alikataa kusema Kipolandi, akipiga kelele kwa lugha yake hadi wakamtoa nje, akahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Tangu siku hiyo jina likaanza kutembea peke yake, mwenyewe amebaki selo.

Gereza lenyewe la Lviv lipo hadi leo. Liko kwenye kona ambayo zamani ilijulikana kwa jina la mtaa wa Łącki, na leo anwani yake ni mtaa wa Stepan Bandera namba 1. Ni makumbusho sasa. Wapolandi waliwafunga humo Waukraine, Wasovieti wakawafunga kila mtu, Wanazi nao kila mtu, kisha Wasovieti tena. Milango ya chuma ni ileile, na harufu ya rangi ya mafuta iko palepale. Juni 1941 Wajerumani walipokaribia, polisi wa siri wa Kisovieti hawakuwa na muda wa kuwahamisha wafungwa, wakawapiga risasi kwa mamia wakawaacha selo na uani. Dada aliyetutembeza alisimulia hayo kwa sauti ya chini, na ukutani yamo majina.

Wajerumani waliingia tarehe 30 Juni 1941, na siku hiyohiyo Yaroslav Stetsko, mtu wa karibu wa Bandera, akatangaza mjini Lviv kwamba Ukraine ni dola huru itakayoshirikiana na Ujerumani ya Hitler. Kesho yake Wayahudi wa mji walikokotwa barabarani, wakapigwa, wanawake wakavuliwa nguo, wakalazimishwa kubeba maiti kutoka magerezani, hili likiwa mojawapo, na wengi wakauawa hapohapo uani. Wajerumani walisimamia na kupiga picha. Wanamgambo wa OUN na raia wa kawaida walishiriki. Aprili mwaka huo, mkutano mkuu wa OUN ya Bandera mjini Kraków ulikuwa umeazimia kwamba Wayahudi ni nguzo ya utawala wa Kibolsheviki, na umepitisha salamu ya kunyoosha mkono wa kulia. Wanahistoria kadhaa wamelalamika kwamba makumbusho haya yanawalilia waliouawa Juni na kuwapitia kimya waliouawa Julai. Nilimuuliza yule dada. Akanijibu kwa adabu kwamba hiyo ni mada ya makumbusho mengine. Basi nikatoka, nikaenda mtaa wa pili wa Rynok, kwenye magofu ya sinagogi la Waridi la Dhahabu lililobomolewa na Wanazi, ambako tangu 2016 kuna mawe yenye maneno ya Wayahudi wa Lviv. Watoto walikuwa wakiruka juu yake, na mama yao hakuwakataza.

Na Bandera? Wajerumani hawakumruhusu hata kuingia Lviv. Hitler hakutaka dola ya Ukraine, alitaka mashamba yake. Mapema Julai 1941 wakamkamata, wakampeleka Berlin, baadaye Sachsenhausen, kwenye jengo la selo za wafungwa maalumu. Katika jengo hilohilo alifungwa Stefan Rowecki, kamanda wa jeshi la siri la Polandi. Yaani katika kiangazi cha 1943, watu wao wakichinjana Volhynia, wakubwa wawili walikuwa chini ya paa moja la Wanazi, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Rowecki aliuawa 1944. Bandera aliachiliwa Septemba mwaka huo, Wajerumani walipoanza kushindwa na kumhitaji tena. Ndugu zake wawili, Oleksandr na Vasyl, walikuwa wamekwisha kufa Auschwitz. Baba yake alipigwa risasi na Wasovieti mjini Kyiv mwaka 1941, dada zake wakapelekwa Siberia. Watetezi wake hukuorodheshea hayo haraka, na ni kweli yote. Lakini mateso ya mtu hayafuti mafundisho aliyoyatoa kabla hajateswa. Hakuamuru Volhynia, alijenga shirika ambalo amri ya namna ile ilisikika kuwa ya kawaida. Na katika miaka 15 aliyoishi baadaye, akiwa huru, akiandika magazetini Munich, hakutoa neno la toba juu yake.

*

Chini ya nyumba namba 14 ya Rynok kuna mgahawa uliotengenezwa kama handaki la UPA. Unabisha hodi, kitundu kinafunguliwa, mtu mwenye bunduki ya kale anakutamkia nusu ya neno la siri nawe unamalizia: utukufu kwa Ukraine, utukufu kwa mashujaa. Maneno hayo, yaliyokuwa salamu ya OUN, tangu 2018 ni salamu rasmi ya jeshi la Ukraine, na leo wanayasema hata watu ambao bibi zao waliogopa UPA. Nilipewa kikombe kidogo cha pombe ya asali na kuulizwa, kwa utani, kama ndani mwangu nimemficha Mrusi. Soseji zilikuwa nzuri. Meza ya jirani walikuwa wanajeshi vijana wa likizo, mmoja hana mguu, wanacheka. Nikamuuliza mmoja wao, mwenye Kiingereza kizuri, Bandera kwake ni nani. Alifikiri kidogo. "Ni yule ambaye Warusi wanamwogopa," akasema. Nilipomtajia Volhynia aliniambia kwamba kwao Kharkiv shuleni hawakufundishwa habari za Volhynia, na kwamba bibi yake alimtaja Bandera kama watu wanavyomtaja ibilisi. Mapenzi yake kwa Bandera yalianza 2022. Putin, anasema, ndiye aliyemfundisha.

Nadhani kijana huyo alinieleza zaidi ya vitabu. Kwa miaka 70 Moscow ilimwita Mbandera kila Muukraine aliyedai jambo lolote, awe mshairi, mwalimu, au mtu aliyekataa tu kusema Kirusi sokoni. Leo inaiita hivyo hata serikali ya Volodymyr Zelensky, ambaye ni Myahudi. Ukiitwa jina siku zote, ipo siku utaliitikia. Rais Viktor Yushchenko alimpa Bandera cheo cha Shujaa wa Ukraine Januari 2010. Mwaka huohuo mahakama ya Donetsk ikakifuta kwa hoja kwamba marehemu hakuwahi kuwa raia wa Ukraine. Mwaka 2016 barabara ya Moscow mjini Kyiv ikapewa jina lake. Wanaoyaunga mkono mambo haya wengi hawajasoma ukurasa mmoja aliouandika, na kwa kweli ningewashauri wasiusome. Hauna uhusiano na nchi wanayoipigania, ambayo ina bunge, uchaguzi, na askari wa kila dini. Wamelichukua jina tupu wakalijaza mambo yao. Tatizo ni kwamba ng'ambo ya mpaka, Polandi, jina hilo halijawahi kuwa tupu.

Nilikwenda pia Staryi Uhryniv, kijiji alichozaliwa, kupita mji wa Kalush. Safari ya mabasi madogo yanayojaa kama daladala za Kilombero, mifuko ya viazi miguuni. Kuna nyumba ya padre, kwa kuwa mapadre wa kanisa lao huruhusiwa kuoa, kuna makumbusho na kuna sanamu. Sanamu ya kwanza ilisimamishwa Oktoba 1990, Umoja wa Kisovieti ukiwa bado hai, ikalipuliwa mwezi Desemba. Wakajenga ya pili, ikalipuliwa tena Julai 1991. Hii iliyopo ni ya tatu. Ndani kuna picha za mtoto mwenye masikio makubwa. Inasimuliwa kwamba akiwa shuleni Stryi alijichoma kwa sindano chini ya kucha ili ajizoeze mateso ya polisi. Wageni waliokuwepo walitikisa vichwa kwa kuvutiwa. Mimi niliwaza kwamba mtoto anayefanya hivyo anahitaji mama, na wake alikufa kwa kifua kikuu yeye akiwa na miaka kumi na kitu.

Lviv nilipanga chumba kwa mwalimu mstaafu, ambaye wote katika ngazi yetu walimwita Pani, yaani Bibi, nami nikafuata. Jioni ya mwisho alinipeleka makaburi ya Lychakiv. Kwa Wapolandi ni mahali patakatifu, maana wamelazwa hapo vijana wao waliopigana na Waukraine kuugombea mji huu mwaka 1918 na 1919. Waliopigana nao wana ukumbusho wao palepale jirani. Na nje ya ukuta, kwenye uwanja uitwao Marsove Pole, kuna makaburi mapya ya tangu 2022, safu kwa safu, kila moja na bendera yake, nyingi za buluu na njano, si chache za nyekundu na nyeusi. Pani alikuwa na mwanafunzi wake mmoja hapo. Akafuta vumbi kwenye picha.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kuhusu ufukuaji. Kwa miaka mingi Ukraine ilizuia Wapolandi kuwachimbua wahanga wao. Mwishoni mwa 2024 serikali mbili zikakubaliana, na katika masika ya 2025 wataalamu walichimba Puzhnyky, jimbo la Ternopil, kijiji kilichoteketezwa na UPA Februari 1945. Walipata mabaki ya watu 42, na Septemba wakazikwa kwa heshima, Wapolandi na Waukraine wakiwa wamesimama pamoja.

"Wachimbe," alisema Pani. "Na kule kwao wapo wetu. Kijijini Pawłokoma wapo." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba sanamu ya pale stesheni yeye haipendi, kwa sababu ni mbaya, na kwa sababu ya mambo mengine, ila hatasema hivyo mbele ya kaburi la mwanafunzi wake wala mbele ya Mrusi, na mimi nikitaka kuandika niandike kwamba amesema ni mbaya tu.

Nikamsimulia habari za Tengeru. Hakuwahi kuzisikia. Aliuliza makaburi hayo yanafagiliwa na nani, nikamwambia kuna mzee wa hukohuko Meru anayeyatunza, na ubalozi wa Polandi husaidia. Akauliza kama wote ni Wapolandi. Nikasema yamo ya Kiorthodoksi pia. Akasimama katikati ya njia.

"Waorthodoksi wa Volhynia si Wapolandi," akasema. "Ukienda nyumbani, nipigie picha majina. Nitakusomea."